Nani Ampime Mpimaji: Uhakiki wa Maabara za Afya Mkoani Mara

Tathmini ya nje ya ubora ni utaratibu wa kuipima maabara yenyewe. Chombo kilicho nje ya maabara huchunguza kama majibu inayoyatoa ni ya kweli, na kama yanalingana na yale ambayo maabara nyingine ingeyatoa kwa sampuli hiyohiyo. Njia za kufanya hivyo ni tatu. Ya kwanza ni kusoma upya: slaidi ambazo maabara ilikwisha kuzisoma huchukuliwa na kusomwa na mtu mwingine asiyejua jibu la mwanzo. Ya pili ni sampuli za majaribio, ambazo wataalamu wa maabara huziita paneli: maabara hutumiwa sampuli ambazo majibu yake anayajua mtumaji peke yake, nayo huzipima na kurudisha ilichokiona. Ya tatu ni ukaguzi, yaani mtu kufika mwenyewe, kutazama kazi inavyofanyika na kujaza fomu. Mkoani Mara njia hizi hazikuingia kwa pamoja. Kila moja ilifuata ugonjwa fulani na kipimo fulani, na mara nyingi jambo lililoamua lilikuwa dogo na la kiufundi: kipimo kikishafanyika, hubaki nini cha kumwonyesha mtu wa pili?

Utaratibu huu ni tofauti na udhibiti wa ndani wa ubora, ambao maabara hujifanyia yenyewe kila siku kwa kupima sampuli inayojulikana kabla ya kugusa za wagonjwa. Chati za udhibiti huo zilianza kutumika katika maabara za hospitali baada ya Levey na Jennings kuzipendekeza mwaka 1950. Udhibiti wa ndani humnasa mtu au mashine iliyoyumba tangu jana. Maabara inayokosea kwa namna ileile tangu mwaka juzi haitajigundua kwa chati hiyo, kwa sababu haina cha kujilinganisha nacho nje ya kuta zake.

Wazo la kulinganisha maabara lilianzia kwenye kaswende. Kipimo cha damu kilichobuniwa na August Wassermann mwaka 1906 kilienea haraka Ulaya, lakini kila mji ulikifanya kwa mapishi yake, na damu ya mtu mmoja iliweza kupewa majibu mawili yanayopingana. Shirika la Mataifa likaitisha mikutano ya kulinganisha, miwili kati yake ikiwa Copenhagen mwaka 1923 na 1928, ambako wataalamu wa nchi mbalimbali walipima sampuli zilezile. Hatua iliyozigusa hospitali za kawaida ilikuja mwaka 1947. Madaktari wawili wa Marekani, William Belk na William Sunderman, walituma sampuli za kemia kwa maabara 59 za hospitali jimboni Pennsylvania, bila kuzitaja majina, wakaziomba zipime vitu vya kawaida kabisa kama vile sukari, himoglobini na protini. Majibu yasiyoridhisha yalikuwa mengi kuliko yaliyoridhisha. Hizi hazikuwa maabara za porini. Zilikuwa katika nchi iliyotoka vitani ikiwa tajiri kuliko zote duniani. Ndani ya miaka michache Sunderman alikuwa anaendesha huduma ya kudumu ya kutuma sampuli za majaribio, na Chuo cha Wanapatholojia wa Marekani kikaanzisha mpango wake. Uingereza ilipata mpango wa taifa mwishoni mwa miaka ya 1960.

Kando ya Ziwa Viktoria hali ilikuwa nyingine. Hadubini iliingia eneo hili na malale. Robert Koch alipokuja kuchunguza ugonjwa huo mwaka 1906 na 1907 alifanyia kazi yake visiwani Sese, upande wa Uganda, na Wajerumani wakaweka kambi za wagonjwa wa malale upande wao wa ziwa, mojawapo ikiwa Shirati, kaskazini mwa Musoma, mji ambao leo ni makao makuu ya Mkoa wa Mara. Uamuzi wa kumweka mtu kambini na kumdunga dawa kali yenye aseniki ulitegemea jicho la mtu mmoja aliyetazama maji ya tezi kwenye kioo. Hapakuwa na wa pili wa kumwuliza. Wamenonaiti walipofika Shirati mwaka 1934 na hatimaye kujenga hospitali, na serikali ya kikoloni ilipoendesha hospitali yake Musoma, hali hiyo haikubadilika: hadubini moja, msomaji mmoja, na daftari.

Wakati huo Musoma ilikuwa wilaya ya Jimbo la Ziwa, ambalo makao yake makuu yalikuwa Mwanza, na mazoea ya kuitazama Mwanza kwa mambo ya kitaalamu yalianzia hapo. Mwaka 1949 kilianzishwa Mwanza kitengo cha utafiti wa matende ambacho baadaye kilikua kuwa Taasisi ya Afrika Mashariki ya Utafiti wa Tiba, iliyoshughulika sana na kichocho na minyoo. Kwa miaka mingi ndicho kilikuwa chombo cha karibu chenye watu waliohesabu mayai ya kichocho kwa utaratibu uliokubalika na kuweza kusoma upya slaidi za mwingine. Hata hivyo kilisoma slaidi za utafiti. Slaidi za wagonjwa wa kila siku hospitalini Musoma hazikuwa kazi yake.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 serikali ilijenga zahanati na vituo vya afya vijijini kwa kasi kubwa, na katika miaka ya 1970 wasaidizi wa maabara wengi walifundishwa kozi fupi na kupelekwa huko na hadubini. Idadi ya vipimo ilipanda. Idadi ya watu wa kuvihakiki haikupanda, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, taasisi za pamoja za utafiti zilikatika vipande. Kituo cha Mwanza kiliingizwa katika Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa Mwanza mwaka 1971, ndiyo iliyobaki kuwa hospitali ya rufaa kwa Kanda ya Ziwa nzima, Mara ikiwemo.

Mwaka huohuo wa 1977 ndipo ulipoanza Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma, uliobuniwa kwa ushauri wa Karel Styblo, daktari Mcheki wa chama cha kimataifa cha kupambana na kifua kikuu. Mpango huo unakumbukwa zaidi kwa tiba ya muda mfupi chini ya uangalizi, ambayo baadaye ilienezwa duniani. Kwa historia ya maabara, urithi wake mkubwa ni kisanduku cha slaidi. Styblo alitaka kila mgonjwa athibitishwe kwa makohozi, na kila slaidi ya makohozi ihifadhiwe baada ya kusomwa, ikiwa na namba inayolingana na daftari la maabara. Slaidi ya kifua kikuu iliyotiwa rangi nyekundu ya Ziehl-Neelsen hudumu miezi mingi ikitunzwa kavu na mbali na mwanga. Kwa hiyo kwa mara ya kwanza kulikuwa na ushahidi uliobaki.

Ndani ya Mkoa wa Mara, slaidi za Butiama na Bunda zilifuata njia ya barabara. Mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya, akiwa kwenye mizunguko yake ya kila robo mwaka, alizichukua katika vituo na kuzifikisha Musoma. Zenye utata zilipanda hadi Mwanza, na juu ya zote ilikuwepo Maabara Kuu ya Kifua Kikuu iliyokuwa Muhimbili, Dar es Salaam. Bunda iko kwenye barabara kuu ya Musoma hadi Mwanza, safari ya takriban kilomita 220, hivyo kufikika kwake hakukuwa tatizo. Butiama iko ndani zaidi, mtu akikata kona Makutano, na hadi mwaka 2012 ilipofanywa wilaya haikuwa na waratibu wake. Ilihudumiwa pamoja na Musoma Vijijini. Kuundwa kwa wilaya mpya huonekana kuwa jambo la siasa na ofisi. Kwa maabara za vituo vya huko kulikuwa na maana moja ya wazi: mtu wa kuja kuchukua slaidi, na pikipiki yake.

Utaratibu wa awali ulidai kusoma tena slaidi zote chanya na moja katika kila kumi za hasi. Ulikuwa mzigo usiobebeka, na ulikuwa na kasoro mbaya zaidi: msomaji wa pili mara nyingi aliliona jibu la kwanza kabla ya kutazama. Mtu akiambiwa kwamba slaidi hii ni chanya, atatafuta hadi apate. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani na washirika wake walitoa mwongozo mpya, ambao Tanzania iliufuata. Slaidi chache zikachaguliwa kwa bahati nasibu kutoka daftarini, chanya na hasi bila kutenganishwa, na kupelekwa bila majibu. Palipotokea tofauti, msomaji wa tatu ndiye aliyeamua. Makosa yakapewa uzito. Kuita hasi slaidi iliyojaa bakteria ni kosa kubwa, kwa kuwa mgonjwa anarudishwa nyumbani akiwa anaambukiza. Kutoona bakteria wachache, chini ya kumi katika duara mia moja za hadubini, ni kosa dogo, maana hata msomaji hodari hupitiwa.

Manufaa ya kusoma upya hayakuwa katika kumpata mkosaji. Namna ya makosa yenyewe ilieleza chanzo. Maabara yenye hasi nyingi zisizo za kweli kwa kawaida ilikuwa na lenzi iliyoota kuvu, rangi iliyochujwa vibaya au mtu aliyesoma slaidi arobaini kwa siku badala ya ishirini. Yenye chanya zisizo za kweli ilikuwa pengine na mafuta ya lenzi yaliyobeba bakteria kutoka slaidi moja hadi nyingine, au makosa ya kuandika namba. Tatizo lilikuwa marejesho. Ripoti iliyosoma slaidi za Januari ikifika Juni, fundi aliyezisoma huenda amehamishwa, chupa ya rangi imekwisha, na hakuna cha kusahihisha. Udhaifu huu umeiandama tathmini ya nje katika kila umbo lake, na ni mkubwa kuliko upungufu wowote wa vifaa.

Malaria ilikuwa na slaidi pia, lakini haikuwa na kisanduku. Katika mkoa ambao homa ilikuwa malaria mpaka ithibitike vinginevyo, slaidi za damu zilioshwa na kutumika tena, na daktari aliyepata jibu hasi alitoa dawa hivyohivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kutoka hospitali 10 za kaskazini-mashariki mwa Tanzania ulionyesha gharama ya mazoea hayo. Kati ya wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa malaria wakiwa mahututi, slaidi zilizosomwa kwa makini zilikuta vimelea kwa 2,062 tu, yaani asilimia 46.1. Waliobaki walikuwa na ugonjwa mwingine, na walikufa zaidi: asilimia 12.1 dhidi ya 6.9 ya wale waliokuwa na malaria kweli. Uchunguzi mwingine katika vituo vya Dar es Salaam ulikuta mafundi wakiita chanya karibu nusu ya slaidi, ilhali wasomaji mabingwa waliozipitia upya walikuta vimelea katika slaidi mbili tu kati ya kila mia. Si haki kuwatupia mafundi lawama yote. Fundi anayejua kwamba daktari ataandika dawa kwa jibu lolote hana sababu ya kutazama duara mia moja.

Takwimu hizo ndizo zilizoharakisha kipimo cha haraka cha malaria, mRDT, kilichoanza kusambazwa nchini karibu mwaka 2009. Mara ilikuwa na haja nacho kuliko mikoa mingi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2011 na 2012 uliopima watoto wa chini ya miaka mitano ulikuta takriban robo ya watoto wa mkoa huo wana malaria kwa kipimo hicho. Utafiti huohuo ulitoa somo lingine. Kwa nchi nzima mRDT ilikuta asilimia 9, hadubini asilimia 4. Kipimo cha haraka hunusa protini ya kimelea, na protini hiyo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mtoto kupona. Vipimo viwili vilivyofanywa vizuri vyaweza kutofautiana, na mhakiki asiyejua hivyo atamwadhibu mtu asiye na kosa.

Kwa tathmini ya nje, mRDT ilileta ugumu mpya. Mstari mwekundu kwenye kaseti hufifia, au hujitokeza wenyewe baada ya saa kadhaa. Hakuna cha kuhifadhi. Tena kipimo kilitoka maabara na kuingia mikononi mwa wauguzi na matabibu wa zahanati, ambao hawakuwahi kuhesabiwa katika mpango wowote wa uhakiki wa maabara. Shirika la Afya Duniani liliziba pengo upande mmoja kwa kupima matoleo ya vipimo kabla hayajasambazwa. Upande wa mpimaji, Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Malaria ulianzisha katikati ya miaka ya 2010 ziara za usimamizi shirikishi zinazojulikana kwa kifupi chake cha Kiingereza, MSDQI. Msimamizi hukaa na kumtazama mhudumu akipima mgonjwa halisi: kama amesoma tarehe ya mwisho ya matumizi, ametia matone sahihi ya bafa, yaani kimiminika cha kipimo, na amesubiri dakika zinazotakiwa. Ni ukaguzi badala ya kusoma upya, nao una udhaifu wa ukaguzi wote, kwamba mtu anayetazamwa husubiri dakika zote.

Njia ya paneli ilifika kutoka pande mbili. Kutoka kusini, Shirika la Afya Duniani kwa kushirikiana na taasisi ya magonjwa ya kuambukiza ya Afrika Kusini lilianza mwaka 2002 kuzitumia maabara kubwa za Afrika sampuli za bakteria, malaria na makohozi. Zilikuwa maabara za ngazi ya taifa na rufaa, na kazi yake ilionekana pale milipuko ya kipindupindu ilipohitaji maabara yenye uwezo wa kuotesha bakteria na kutaja dawa inayofaa. Kutoka Nairobi, shirika la AMREF na wizara za afya za Kenya, Uganda, Tanzania Bara na Zanzibar waliendesha mpango wa kikanda uliolenga vituo vidogo, na huu ulistahili sifa kubwa kuliko uliyoipata. Kifurushi kimoja kilikuwa na slaidi ya damu, ya makohozi na ya choo, sampuli za himoglobini na nyinginezo, pamoja na maelezo ya mgonjwa. Kituo hakikuulizwa tu umeona nini. Kiliulizwa pia ungempa dawa gani na ungemwarifu nani. Daktari na muuguzi walilazimika kukaa meza moja na fundi wa maabara. Tatizo la malaria lililoelezwa hapo juu, la jibu lisilosomwa na aliyeliomba, halingeweza kutibiwa na paneli inayompima fundi peke yake.

VVU ndivyo vilivyogeuza tathmini ya nje kuwa kazi ya kila kituo. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004. Mkoani Mara kazi hiyo ilisaidiwa kwa miaka ya mwanzo na mpango wa AIDSRelief kwa fedha za Marekani. Julai 2007 Rais Jakaya Kikwete alipima hadharani na kuzindua kampeni ya taifa ya upimaji, na mamilioni ya watu wakapimwa, wengi wao katika mahema na zahanati, na washauri nasaha waliofundishwa kwa siku chache. Jibu la VVU lisilo la kweli halifanani na jibu la minyoo. Linavunja ndoa, au linampa mtu dawa za maisha asizozihitaji.

Kikwazo kilikuwa usafiri. Sampuli ya damu ya majimaji huhitaji ubaridi, na ubaridi kutoka Dar es Salaam hadi zahanati ya Bunda ulikuwa ghali kuliko vipimo vyenyewe. Ufumbuzi ulitoka kwa wataalamu wa Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Marekani, waliouchapisha mwaka 2010: matone ya plazima, mikrolita 20 tu, hutiwa rangi kidogo ya kijani na kukaushwa ndani ya kichupa. Kichupa hustahimili joto kwa wiki kadhaa. Mpimaji huongeza bafa, husubiri usiku kucha, kisha hupima kama damu ya mgonjwa. Rangi ya kijani ipo ili aone kwamba kuna kitu mle ndani. Sampuli hizo zilianza kutumwa nchini kwa mizunguko, zikisambazwa na kituo cha taifa cha uhakiki wa ubora na mafunzo ya maabara kilichojengwa Dar es Salaam. Kwa watoto wachanga, ambao hupimwa kwa tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi, Bugando ilikuwa miongoni mwa maabara za kwanza nchini kufanya kipimo hicho, na mpango wa kimataifa wa kuhakiki maabara za aina hiyo uliendeshwa kutoka Atlanta.

Paneli huonyesha uwezo wa maabara ikijitahidi, wala si lazima ionyeshe mazoea yake. Kichupa cha kijani hujulikana mara moja. Hupewa fundi hodari, hupimwa mara mbili, na kwa simu za mkononi vituo viwili vilivyopokea sampuli za namna moja viliweza kulinganisha majibu kabla ya kuyatuma. Waendeshaji walijibu kwa kubadili mpangilio wa namba ili vituo jirani visipate paneli zinazofanana. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilizikumbusha nchi jambo rahisi zaidi, kwamba kila aliyekutwa na VVU apimwe upya, na mtu mwingine, kabla ya kuanza dawa. Huko ni kurudi kwenye kusoma upya kwa Styblo, ila kinachohifadhiwa badala ya slaidi ni mgonjwa mwenyewe.

Wakati huohuo ukaguzi ulipata daraja zake. Mkutano wa Maputo wa Januari 2008 uliziomba serikali za Afrika ziache kuendesha maabara ya kifua kikuu, ya VVU na ya malaria kama vijiji vitatu visivyosalimiana. Kigali, Julai 2009, ulizinduliwa mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kuzikagua maabara na kuzipa nyota, kutoka sifuri hadi tano. Asilimia 55 ya alama huleta nyota ya kwanza, 95 huleta ya tano. Orodha ya ukaguzi huuliza kama maabara imeshiriki katika paneli, na huuliza zaidi ilifanya nini ilipokosea. Kwa hospitali za Tanzania lengo la mwisho ni ithibati ya kiwango cha ISO 15189, ambayo hutolewa na chombo cha ithibati cha nchi za kusini mwa Afrika kilichopo Gaborone, na maabara kadhaa za hospitali kubwa zimekwisha kuipata. Maabara za watu binafsi, ambazo zimejaa mitaani Musoma na Bunda mjini, zina sheria yake tangu 1997 na bodi inayozisajili. Kusajiliwa na kushiriki paneli ni mambo mawili tofauti, na katika maabara ya chumba kimoja la pili ni gharama isiyomvutia mteja.

Mei 2020 suala la sampuli za fumbo liliingia katika siasa za taifa. Tarehe 3 mwezi huo, akiwa Chato, Rais John Magufuli alieleza kwamba maabara ya taifa iliyokuwa ikipima virusi vya korona ilitumiwa kwa siri sampuli za papai, mbuzi na vitu vingine zikiwa na majina ya watu, na baadhi zikarudi chanya. Siku iliyofuata Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, aliwasimamisha kazi mkurugenzi wa maabara na msimamizi wa ubora na kuunda kamati ya uchunguzi. Mkuu wa kituo cha Afrika cha kudhibiti magonjwa, John Nkengasong, alikataa madai kwamba vipimo vyenyewe vilikuwa na kasoro. Tukio hilo lilikuwa na sura ya tathmini ya nje bila masharti yake. Sampuli ya majaribio lazima ifanane na ya mgonjwa, kwa kuwa kipimo kimethibitishwa kwa ute wa binadamu na si kwa maji ya tunda. Jibu lake sahihi lazima liwe limethibitishwa na maabara nyingine kabla. Na lazima ijulikane ilikopita, isije ikachafuliwa njiani. Bila hayo, jibu chanya haliwezi kueleza kama kosa liko kwenye kipimo, kwa mpimaji, au kwa aliyeifunga sampuli.

Katika kifua kikuu, mahali ambapo kusoma upya kulianzia, ushahidi umekuwa ukitoweka. Hadubini za mwanga wa LED, zilizopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwanzoni mwa miaka ya 2010, huwezesha kusoma haraka zaidi, lakini rangi ya slaidi zake hufifia ndani ya wiki chache, na slaidi iliyokuwa chanya Februari huonekana tupu mwezi Mei. Mashine ya GeneXpert, iliyopendekezwa Desemba 2010, haiachi slaidi kabisa. Makohozi huingia kwenye katriji na katriji huteketezwa. Mashine ina vidhibiti vyake vya ndani na hukataa kutoa jibu ikikosa kuridhika, na paneli zake ni bakteria waliouawa na kukaushwa kwenye vipande vya karatasi. Kosa ambalo haiwezi kuliona ni lile la kabla: kikopo kilichobandikwa jina lisilo lake.

Hospitali ya Rufaa ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, Kwangwa, nje kidogo ya Musoma, ilianza kujengwa miaka ya 1970 na ikasubiri zaidi ya miaka 40 kabla ya kupokea wagonjwa. Hospitali ya ngazi hiyo hutegemea mashine za kemia na za kuhesabu chembe za damu, ambazo tathmini yake si ya chanya na hasi. Jibu lake ni namba, na namba hiyo hulinganishwa na wastani wa maabara zote zinazotumia mashine ya aina hiyo. Tofauti ikigawanywa kwa mtawanyiko wa kundi, matokeo yaliyo chini ya mbili hukubalika, kati ya mbili na tatu ni onyo, na zaidi ya tatu huhitaji maelezo ya maandishi. Maabara ya mkoa hupokea paneli zake kutoka Dar es Salaam na nje ya nchi, na mtaalamu wake huyohuyo ndiye anayepanga ziara za kwenda kuhakiki Bunda, Butiama na wilaya nyingine za mkoa, kwa gari la hospitali pale linapokuwa na mafuta.